Kobe Kwenye Kipara cha Fundi

Yule msusi watu walimwita Vidole, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Unakaa kwenye kigoda chake, unamwanzishia umbea wa jirani, na kabla hujafika penye utamu wenyewe nusu ya kichwa imeshakwisha. Saluni ilikuwa chumba kimoja: kioo kirefu chenye ufa kwa chini, benchi la kusubiria, na feni iliyozunguka siku ikijisikia. Mumewe alikuwa fundi rangi. Yeye alimwita Fundi tu, hata chumbani, na sisi tumwite hivyo hivyo.

Mchemraba uliletwa na mteja mmoja, nesi. Alikuja kusukwa huku anauzungusha mkononi. Ni kile kiboksi chenye rangi sita, kila uso umegawanyika vipande. Ukikikoroga rangi zinaingiliana, na kukirudisha kilivyokuwa ndiyo kazi.

"Kimenishinda," nesi akasema. "Nakiacha hapa kabla hakijanitia wazimu."

Hakujua anaacha nini.

Mwanzoni Vidole alikipanga kwa macho, kama watu wote. Alijifunza kwenye simu, kisha kwa vijana waliokutana chumba cha nyuma cha maktaba kila Jumamosi. Alikuwa na umri wa mama zao. Wakamwamkia, wakamwekea kiti chenye mto. Siku moja akamwona binti mmoja kati yao anautazama mchemraba kimya, anajifunga kitambaa machoni, halafu anaupanga gizani.

Alirudi nyumbani, hata mkoba hajautua.

"Fundi, kuna mtu anapanga mchemraba kajifunga macho!"

"Anapapasa rangi?"

"Rangi haipapasiki, bwana."

"Iliyopakwa vibaya inapapasika," Fundi akasema. "Ina mabonge."

"Hapapasi. Anauangalia kwanza wote, anaushika kichwani, ndipo anafumba. Na mimi kwani nywele huwa naziangalia?"

Kweli hakuziangalia. Alisuka macho yakiwa barabarani, anasimamia nani kapita na nani. Basi akaanza. Ule mdogo haukumsumbua sana. Ulimkalia vidoleni kama msuko mpya. Alichokitamani ni ule mkubwa, wenye vipande vitano kwa vitano kila uso. Ule una tabu yake. Kwenye mdogo, kipande cha katikati hakihami, kinakuambia huu ndio upande wa nyekundu na huu wa kijani. Kwenye mkubwa anayetulia ni mmoja tu, yule wa katikati kabisa. Wenzake wote wanaomzunguka wanatangatanga, na wanafanana kama mapacha. Ukishajifunga macho huna wa kumuuliza.

Fundi hakusoma, na wala hakujisingizia kuwa anaelewa. Jioni moja mkewe akamwonyesha kwa vikombe mezani.

"Hiki kiende pale. Cha pale kije huku. Cha huku kiende kule. Vitatu tu. Vingine vyote visijue kama kuna mtu kapita."

"Haiwezekani. Ukizungusha upande si unavuta vyote?"

"Ndiyo maana unarudi. Unaingia kwa mlango, unachukua chako, unaweka chako, halafu unatoka kwa njia ile ile uliyoingilia, hatua kwa hatua. Ulivyovisogeza vinarudi mahali pake. Vitatu vyako ndivyo vimehama."

"Kama mwizi mstaarabu."

"Kama msusi, Fundi. Nywele tatu napishanisha, kichwa kingine kimetulia."

Na kukumbuka je? Hapo ndipo Fundi alipocheka mpaka chai ikampalia. Kila mahali kwenye mchemraba Vidole alikuwa amepawekea silabi. Alianzia kipande kimoja, akatazama kinatakiwa kwenda wapi, akataja silabi ya huko. Aliyekaa huko naye anatakiwa aende wapi? Akataja. Silabi mbili zikawa neno: *ko* na *be*, kobe. *Pi* na *pa*, pipa. Silabi zilizokataa kufanya neno alizipa mwili. *Zu* na *pe* hazina maana popote, basi Zupe akawa bwana mnene mwenye suruali fupi, na alikuwa akijitokeza mara kwa mara hadi Fundi akaanza kumwonea wivu.

"Huyu Zupe jana alikuwepo?"

"Alikuwa bafuni anaoga na bata."

"Bafuni kwangu?"

"Kwetu."

Maana maneno yale aliyaweka ndani ya nyumba yao. Aliingia kwa mawazo mlangoni, akaanzia jikoni. Nyuma ya mlango, neno la kwanza. Juu ya mtungi wa gesi, la pili. Kwenye rafu ya sufuria, la tatu. Jikoni zilikaa habari za vipande vya katikati. Sebuleni, kuanzia kabati la vyombo hadi kochi lenye kiraka, zilikaa habari za kingo. Chumbani, za pembe. Za mwisho kabisa hakuziweka popote. Alizishika mdomoni, akizisema kimoyomoyo, na hizo ndizo alizozifanya kwanza, kabla hazijapoa. Akishajifunga macho alikuwa anatembea tu nyumbani kwake, anaokota alivyoviacha.

Alijaribu ule mkubwa mbele ya watu mara mbili, akashindwa. Mara ya kwanza alifanya kila kitu sawasawa, ila alipouokota mchemraba mezani kajifunga macho aliushika juu chini. Alipofungua, ilikuwa kama sahani ya mchanganyiko. Mara ya pili ilibaki silabi moja peke yake, haina mwenzake. Hiyo waliita silabi kapera. Ikibaki kapera maana yake kuna vipande viwili vimebadilishana viti, na kwa ajili ya hivyo viwili kuna mzunguko wake maalumu, mrefu kama foleni ya maji. Vidole aliufahamu mzunguko ule. Alichosahau ni kapera mwenyewe.

Kaka yake mdogo, muuza nyama, hakumwacha apumue.

"Dada, kufumba macho umeweza. Kilichobaki ni mchemraba."

"Wewe mbona unafumbua macho na mizani bado inakudanganya?"

"Haya, yameisha. Shemeji, mwambie mkeo asitafute ugomvi na mwenye kisu."

"Mimi simo," Fundi akasema. "Nina brashi tu."

Maktaba ikatangaza siku ya maonyesho. Vidole akajiandikisha kwa ule mkubwa, mara ya tatu. Usiku wakila, akasema jambo ambalo Fundi hakulitegemea.

"Nimesuka vichwa vya watu tangu nikiwa msichana. Mtu anatoka hapo kapendeza, anaondoka nacho kichwa chake. Wiki tatu, anafumua. Hakuna nilichokifanya kikabaki. Huu mchemraba nikiumaliza, nimeumaliza. Hakuna wa kuufumua."

"Si wanaukoroga tena?"

"Wataukoroga mchemraba. Hilo la kwamba niliumaliza hawalikorogi."

Katika miaka yote ya ndoa Fundi hakuwahi kumsikia mkewe akisema anataka kitu, ukitoa vitunguu.

Akataka kumsaidia. Sasa fundi rangi akitaka kumfurahisha mtu anajua njia moja. Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho, Vidole alipokwenda saluni, Fundi akamwita shemeji yake. Wakapaka jikoni rangi ya maziwa. Rafu ya sufuria wakaihamishia upande wa dirisha. Kabati la vyombo wakalisukuma kule lilikokuwa kochi, kochi wakaligeuza litazame mlango. Kitanda nacho wakakizungusha. Shemeji alitoka jasho kama anachinja ng'ombe.

"Akirudi hapa, shemeji, atapiga vigelegele mpaka mtaa wa tatu."

Vidole akarudi. Akasimama mlangoni. Fundi, rangi mpaka kwenye nyusi, akangoja vigelegele.

Havikuja. Vidole akakaa kitako pale pale kizingitini, mkoba mapajani.

"Umenihamisha," akasema.

"Nimekuhamisha vipi? Si nyumba ile ile?"

"Kabati liko wapi?"

"Lile pale."

"Fundi. Kesho kwenye kabati nilikuwa naanzia kingo zangu."

Fundi akatazama kabati. Akatazama kochi. Ndipo ilipomwingia. Hakuwa amepaka jikoni tu. Alikuwa ameingia kichwani kwa mkewe na ndoo na brashi.

Shemeji akajikohoza. "Mimi duka nimeliacha wazi," akasema, akatafuta viatu vyake.

"Hutoki," Fundi akamwambia. "Shika huko."

Wakarudisha kila kitu. Kabati kwake, kochi kwake, kitanda kwake. Lakini rangi hairudi koponi. Na kilichoonekana kimeshaonekana. Asubuhi Vidole alijaribu kwa ule mdogo, kupasha vidole moto, akatoa kichwa pembeni kama mtu aliyesikia harufu ya kuungua.

"Naona makabati mawili," akasema. "Nimeweka neno simu kwenye moja, nikaenda kulitafuta kwenye lingine."

"Usiende basi."

"Nakwenda."

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Meza moja mbele, viti vya plastiki, watoto wamekaa chini. Mwamuzi alikuwa mkutubi mwenyewe, bwana mwembamba aliyenong'ona hata akiwa sokoni. Shemeji alikaa nyuma na aproni yake ya dukani, anakula karanga. Fundi alimfuata mkewe mpaka mbele, akashindwa kusema alichokipanga njiani.

"Mke wangu, mimi nilidhani..."

"Najua ulivyodhani."

"Sasa utaviweka wapi?"

Vidole alikuwa anamtazama. Alimtazama kuanzia utosini mpaka viatuni, vile alivyomtazama mteja kabla ya kuamua mtindo.

"Simama vizuri," akasema. "Geuka. Haya, geuka tena. Sawa. Nimepata nyumba."

"Ipi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ninakufahamu kuliko jikoni. Na hakuna mtu anayeweza kukuhamisha masikio. Kaa kiti cha mbele."

Fundi akakaa. Akakaa kama msumari. Mkutubi akaufunua mchemraba uliokorogwa, saa ikaanza, na Vidole akaanza kuugeuza taratibu, midomo inatembea. Kuandika hakuruhusiwi, kuzungusha pande bado hakuruhusiwi. Ni kutazama tu. Akitazama mchemraba, anainua macho kwa mumewe. Anatazama tena, anainua macho. Mara utosini. Mara sikio la kulia. Mara akatabasamu na kulitazama tumbo.

Fundi akaanza kuwashwa pua. Si mwasho wa kawaida, ni ule unaokuja ukikatazwa. Akaupeleka mkono puani.

"Mzee," mkutubi akanong'ona, "usifanye ishara."

"Nimewashwa pua, mkutubi."

"Mkeo anakutazama sana. Watu watasema mna lugha yenu."

"Miaka yote hii, tusiwe na lugha yetu?"

Ukumbi ukacheka. Shemeji akapaza sauti kutoka nyuma: "Mkutubi, huyo hata chumvi akitumwa analeta sukari! Ishara atazitoa wapi?"

Mkutubi hakucheka. Sheria ni sheria. Akamwomba Fundi ageuze kiti, awape watu uso na mkewe mgongo. Fundi akamtazama Vidole kwa hofu: nyumba imegeuzwa tena, na safari hii mbele ya mji mzima.

"Geuka tu, Fundi," Vidole akasema, macho yakiwa kwenye mchemraba. "Nilikuwa nahitaji mgongo."

Akageuka. Sasa alikuwa anawatazama watu, na watu wanamtazama yeye. Nyuma yake hakuona kitu. Alisikia mchemraba unagongwa mezani kidogo, ukakaa. Akasikia kitambaa kinafungwa. Akasikia mkutubi akitembea kwenda kushika kile kipande cha kadibodi kati ya uso na mikono, asije mtu akasema alichungulia chini ya kitambaa. Kisha ikaanza ile sauti: *kra, kra-kra, kra*. Kimya kidogo. *Kra-kra*.

Fundi aliisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye bati alilolipiga mwenyewe. Hakujua pembe wala kingo. Lakini mwendo aliuelewa, alifundishwa kwa vikombe: kuingia, kuchukua, kuweka, kutoka kwa njia ile ile. Kila alipomsikia mkewe anatoka, naye alivuta pumzi. Hakutikisika. Shingo ilimuuma, mguu ukafa ganzi, nzi akatua kwenye kipara akatembea alivyotaka. Fundi hakumfukuza. Hakujua mkewe kaweka nini hapo, akaogopa kitaanguka.

Katikati sauti ikakatika. Ikakaa kimya muda mrefu hata watoto wakaacha kusukumana. Fundi akaona sura za watu wa mbele zinabadilika. Shemeji kaacha kutafuna.

Alitaka kugeuka. Lakini alikuwa nyumba, na nyumba haigeuki. Akafanya jambo moja tu aliloweza, akanyoosha mgongo, ukawa mrefu, mabega yakafunguka, kila kitu kikae wazi kwa anayetafuta. Ilikuwa kazi bure, mkewe alikuwa kafungwa macho. Akaunyoosha hivyo hivyo.

Nyuma yake Vidole akacheka. Kicheko kifupi cha puani, kile cha mtu aliyepata ufunguo kwenye mkoba wake mwenyewe. *Kra-kra-kra*, ikaendelea, haraka kuliko mwanzo. Halafu ukaja mzunguko mrefu, mrefu, bila kupumzika, na Fundi akatambua: huyo ni kapera anaozeshwa. Hakumsahau.

Mchemraba ukawekwa mezani. *Tak.*

Fundi hakuhitaji kugeuka. Aliwatazama watu. Ukumbi wote ulikuwa kioo chake. Akaona mtoto mmoja wa mbele anafungua mdomo, akaona vijana wa chumba cha nyuma wanasimama, akaona shemeji yake anarusha karanga zote juu. Na mkutubi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapiga kelele.

"Umekamilika!"

Vidole akavua kitambaa. Rangi sita, kila moja na uso wake. Akauzungusha polepole mkononi kukagua, kama anayekagua mstari wa kati wa nywele, asiridhike kwa kuambiwa. Kisha akauweka, akamfuata mumewe aliyekuwa bado amekaa vilevile.

"Unaweza kutikisika sasa."

"Mguu sina," Fundi akasema. "Umeuweka wapi?"

Akashindwa kusimama, Vidole na shemeji wakamnyanyua, kila mtu bega lake, na watu wakapiga makofi wakidhani ni furaha imemlegeza. Basi na iwe hivyo.

Njiani kurudi, wakitembea wawili, Fundi akataka hesabu ya mwili wake.

"Kiparani uliweka nini?"

"Kobe."

"Nilijua kuna kitu kinatembea. Masikioni?"

"La kulia moto, la kushoto soda."

"Begani?"

"Pipa. Na Zupe kakaa juu ya pipa."

"Zupe begani kwangu!"

"Alikuwa anaosha miguu."

Walicheka mpaka wakasimama kando ya njia kumpisha mwenye mkokoteni. Akaulizia tumbo, magoti, mgongo. Mgongoni ndiko alikokwamia, Vidole akakiri. Lile neno lilikuwa limejificha kwenye ule mkunjo wa katikati, na yeye akakumbuka jinsi mumewe anavyoumba mkunjo ule akikaa, akaufungua kwa mawazo, akalikuta limelala humo.

"Na mkono wa kushoto?" Fundi akauliza. Huo ndio uliokuwa umeshikwa na mkewe tangu mlangoni mwa maktaba.

"Hapo sikuambii."

"Kwa nini?"

"Nyumba haimuulizi mwenyewe kaweka nini."

Alimuuliza tena nyumbani, wakila jikoni kwenye ile rangi ya maziwa, ambayo Vidole alikuja kuipenda na kujisifia kwa majirani kana kwamba aliichagua. Akamwambia ilikuwa koti. Mwezi uliofuata akamwambia ilikuwa pera. Ikawa mchezo wao. Fundi akinawa, akifunga kifungo, akikabidhiwa kikombe, "Hapa uliweka nini?" na kila mara jibu ni jingine. Mara punda. Mara bomu. Mara moja alisema, "Wewe mwenyewe," kisha akasema anatania, silabi zake hazikubali.

Mara ya mwisho, miaka mingi baadaye, alimuuliza Vidole akiwa kalala, hawezi tena kukaa, vidole vyenyewe vimebaki vyembamba juu ya shuka. Fundi akaweka mkono wa kushoto karibu yake. Vidole akauangalia kwa makini, upande huu na upande huu, kama anaupanga.

"Bata," akasema.

Wakacheka wote wawili, kwa sauti, mpaka binti yao, aliyekuwa akimuuguza mama yake, akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Hawakuweza kumweleza.